Siku Arobaini za Mrisho

"Leo niwie radhi, Bi Sikuzani. Maji tu yanatosha."

Sikuzani alikuwa ameshainama kumpakulia. Mkono wake wenye upawa ukasimama juu ya chungu, mchuzi ukidondoka tone moja moja. Kwa miaka miwili mwanamume huyu alikuwa akila chakula cha mchana katika banda lake, hapa nyuma ya stesheni ya Dodoma, na katika miaka miwili hiyo hakuwahi kubakiza hata ukoko. Sasa hii ilikuwa siku ya nne mfululizo anaomba maji.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefunga?"

"Ramadhani bado, Bi Sikuzani."

"Basi nyama yangu imeharibika. Sema tu, nijue."

"Nyama yako inanukia mpaka dukani kwangu," alisema Mrisho, "na hiyo ndiyo taabu yenyewe." Akauma midomo kama mtu aliyeropoka, akageuza uso kutazama reli.

Sikuzani alimchotea maji kwenye mtungi, akampa. Vidole vyao viligusana kidogo kwenye kata, na kama kawaida wote wawili wakajifanya hawakuona. Mrisho alikuwa mtu mrefu, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito ya kuamrisha, maana alikuwa mnyapara wa wapagazi miaka kumi na mitano, akipanda na kushuka baina ya Bagamoyo na Tabora. Reli ya Wajerumani ilipofika hapa, mizigo ikapanda garimoshi, wapagazi wakatawanyika. Mrisho akafungua duka la chumvi, nguo na uwele, akatafuta gunia la kukalia, akalikalia. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na tumbo lilikuwa limemjaa kiasi kwamba akiingia bandani hutangulia lenyewe, kisha mwenyewe hufuata.

Sikuzani hakuwahi kulionea tumbo lile ubaya. Alilikuta na mwenye nalo, akamzoea mtu pamoja na vyote alivyo navyo: kicheko chake, namna alivyofumba macho akionja mchuzi, namna alivyosema "Mungu akuzidishie" kabla ya kunyanyuka. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne. Alishajiambia mara nyingi kwamba si umri wa kumsubiri mtu mchana kama msichana, na bado kila siku adhuhuri ilipofika aliutazama mlango.

"Bwana Mrisho," alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa wasafiri wawili walikuwa wakila upande wa pili, "kama umepata pengine pa kula, niambie. Mimi si mke wako hata unifiche."

Neno lile likawaangukia katikati. Mrisho alimwinulia macho kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama kitambo kirefu, mtazamo wa mtu aliyebeba jambo na hajui aliweke wapi.

"Hakuna pengine," alisema. "Wallahi, Bi Sikuzani, hakuna pengine."

Akayanywa maji yote, akaenda zake polepole kwenye jua. Sikuzani aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: chini ya kanzu, Mrisho alikuwa amejifunga mshipi mpana, umekazwa hata mgongo umekakamaa. Hata hivyo alimpakulia sahani yake, akaifunika kawa. Akaiacha hivyo mpaka alasiri, kisha akampa kuli mmoja aliyepita na njaa.

*

Asubuhi yake alikuja Anyesi na maziwa. Anyesi alikuwa Mgogo wa Makole, mwanamke wa maneno mengi na miguu myepesi, aliyebatizwa kwa wamishonari wa Mvumi na kuolewa huku. Kila siku alipita na vibuyu vyake kabla jua halijawa kali.

"Mbukwenyi!" aliita mlangoni.

"Mbukwa, Anyesi. Karibu, keti."

"Siketi, dada, leo nina kibuyu kimoja tu cha kukupa. Kingine amekichukua yule bwana wako wa chumvi."

"Si bwana wangu."

"Haya. Yule bwana wa chumvi asiye wako." Anyesi akaketi. "Siku ya tano leo ananunua kibuyu kizima. Nikamwuliza, 'Bwana, una mtoto mchanga nyumbani?' Akasema ndicho chakula chake. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni maziwa. Na ugali hagusi."

Sikuzani aliacha kuchochea moto. "Nani kamwambia ale hivyo?"

"Si yule Khamisi mwenye chupa! Hujasikia? Aliteremka kwenye garimoshi mwezi uliopita, amepanga chumba Majengo. Anauza kanuni."

"Kanuni za nini?"

"Za kuondoa tumbo. Siku arobaini. Kumi za kwanza, siki na asali asubuhi na jioni. Kumi za pili, maziwa matupu. Kumi za tatu, nyama bila ugali. Kumi za mwisho, maji ya moto na ndimu. Na mshipi kiunoni kutwa kucha, eti mafuta yasipate njia ya kurudi. Karani wa stesheni ameanza. Fundi cherehani ameanza. Hata mpishi wa bomani, na yule anaonja vyakula kwa kazi!"

"Na yanatoka hayo matumbo?"

Anyesi aliinua mabega. "Karani mashavu yamemwingia ndani kama babu yangu. Tumbo sijui, anavaa koti."

Sikuzani alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Anyesi naye alicheka, kisha akasema, "Kwetu watu wanakunywa maziwa tangu kuzaliwa. Baba yangu mkubwa ana ng'ombe mia, anakunywa maziwa amekaa kwenye kigoda, na tumbo lake unaweza kulipiga kama ngoma. Wanawe wanaochunga wanakunywa yaleyale, na huwezi kuwakuta na nyama ya kufinya. Basi mimi sijui hiyo dawa ya maziwa inakaa wapi."

Kicheko cha Sikuzani kilikuwa kimekwisha. Aliutazama moto.

"Anyesi, mwanamume haachi nyama bila sababu."

"Ndiyo, haachi."

"Kuna mtu anampungukia, ili ampendeze. Kuna msichana mahali."

Anyesi alimtazama rafiki yake, akaona kilichokuwa usoni pake, na kwa mara moja tu maneno yake yakawa machache. "Nenda kamwulize, dada," alisema. "Duka si mbali."

*

Siku ile Mrisho hakuja kabisa, hata kwa maji. Alasiri Sikuzani alikoroga uji wa uwele, akautia kwenye bakuli lenye kifuniko, akajitanda kanga, akashika njia ya Majengo, kwenda dukani kwa Mrisho. Njiani alipanga maneno. Atasema ana ziada ya uji. Atasema anapita tu.

Hakupata nafasi ya kusema lolote. Alipofika kizingitini, Mrisho alikuwa ameinama kumnyanyulia mama mmoja wa Kigogo pakacha la chumvi, mzigo ambao zamani angeuweka begani huku anapiga soga. Alilifikisha magotini, akasimama, akayumba. Uso wake ukabadilika rangi. Pakacha likamponyoka, naye akashuka taratibu mpaka chini, mgongo kwenye magunia.

"Mrisho!" Sikuzani alisahau "Bwana", akasahau na kizingiti. Alijikuta amepiga magoti mbele yake, amemshika kichwa. Yule mama alimsaidia kumlegeza mshipi, akampepea kwa upande wa nguo yake mpaka macho yakafunguka vizuri, kisha akaokota chumvi yake na kuwaacha.

"Kunywa," alisema Sikuzani.

Mrisho aliuona uji, akatikisa kichwa. "Leo ni siku ya kumi na tano. Nikila yanarudi yote."

"Acha yarudi. Kunywa."

"Bi Sikuzani..."

"Niambie kwanza ni msichana gani."

"Msichana?" Mrisho alishangaa kwelikweli. "Msichana gani tena?"

"Huyo unayempungukia."

Mrisho alimtazama mwanamke aliyepiga magoti katika chumvi iliyomwagika, kanga imemteleza kichwani, bakuli mkononi. Akatabasamu, tabasamu dhaifu la mgonjwa.

"Ninayempungukia," alisema, "ndiye huyu aliyeshika uji."

Sikuzani alimwekea bakuli mdomoni, naye akanywa, kwanza kidogo, kisha kama mtu aliyevuka jangwa. Nje upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu.

"Nilimtuma Mwalimu Halfani wa msikitini kwa mjomba wako," Mrisho alianza. "Mwezi uliopita."

"Kunichumbia?"

"Ndiyo."

"Mimi sikuambiwa."

"Nilidhani umeambiwa na umenyamaza. Kisha nikaona unanipakulia kama siku zote, nikajua hujui. Nikaona aibu kukueleza."

"Mjomba alijibu nini?"

Mrisho alitazama mikono yake. "Alisema hana ubaya na mimi. Ila hawezi kumwoza mpwa wake mtu mwenye tumbo kama la marehemu Hasani. Likiisha, alisema, nirudi tuzungumze."

Sikuzani alikaa chini kabisa. Hasani, mumewe wa kwanza, alikuwa mfanyabiashara wa nguo kule Mpwapwa, mtu mkarimu, mnene, aliyepanda ngazi mbili za kibaraza na kupumzika. Asubuhi moja aliinama kuvaa makubadhi na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Sikuzani alikaa eda akiwa na miaka ishirini na tisa, akihesabu siku kwenye ukuta mweupe.

"Na limeisha?" aliuliza hatimaye.

"Litazame mwenyewe. Uso umeisha. Mikono imeisha. Nikisimama naona nyota mchana. Hili liko palepale." Mrisho alilipiga kofi dogo. "Juzi kamba ya Khamisi ya kupimia ilionyesha vidole viwili vimepungua, nikafurahi kama mtoto. Jana nikashindwa, nikala karanga kiganja kimoja. Leo asubuhi vidole viwili vimerudi."

"Ulipokuwa na misafara ulikuwa nalo?"

"Hata dalili. Mbavu zangu ulikuwa unazihesabu."

"Ulikuwa unakula nini?"

"Kila kitu! Ugali wa mtama mkubwa kama kichwa cha fahali. Nyama tukiipata. Kunde, asali, chochote."

"Na siki?"

"Siki ya wapi porini?"

Wakatazamana, wakacheka wote wawili, Mrisho akishika ubavu.

"Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora mnatembea siku ngapi?" Sikuzani aliuliza.

"Siku sitini, tukienda vizuri."

"Na kutoka kitandani kwako mpaka gunia lile unalokalia?"

Mrisho aligeuka kulitazama gunia. Alifikiri. "Hatua kumi na mbili," alisema.

"Mimi si mganga," alisema Sikuzani. "Kazi yangu kupika. Na katika hili nina lawama yangu. Samli ninayowatilia wengine ni kijiko kimoja. Wewe nimekutilia vitatu, miaka miwili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuwahi kuniuliza neno lolote, nami nilikuwa sina njia nyingine ya kujibu."

Mrisho alifumba macho, kama afanyavyo akionja mchuzi. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Kuanzia kesho," Sikuzani aliendelea haraka, akijitanda kanga yake vizuri, "utakula kwangu kama watu. Sahani moja. Ugali, mlenda, kunde, nyama siku moja moja. Samli ya kunukia tu. Na uwele wa kuuza usiungoje hapa umekaa. Ufuate huko vijijini kwa miguu yako."

"Litaisha?"

"Sijui. Huenda likapungua. Huenda likabaki nusu. Ila hutaanguka mbele ya wateja."

"Na mjomba wako?"

Sikuzani aliokota bakuli. "Mjomba niachie mimi."

*

Mjomba Makame alikuwa mnunuzi wa ngozi, mtu mwembamba kama fimbo, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alimlea Sikuzani tangu mama yake alipofariki, na Sikuzani hakuwahi kumjibu kwa sauti ya juu. Hata siku ile hakuipandisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una chumvi kwenye kanga?"

"Nimetoka dukani kwa Bwana Mrisho. Amezirai kwa njaa."

Makame aliacha kuhesabu tasbihi. "Amekueleza."

"Amenieleza. Ningependa kuelezwa na wewe."

Ndani ya nyumba mkewe alikuwa akitwanga, na mchi ukasikika mara nyingi kabla mzee hajazungumza.

"Mimi ndiye niliyemwosha Hasani," alisema. "Wewe hukumwona. Mtu mkubwa vile, jana yake tulikuwa tumecheka naye. Nikakuona umekaa eda, hulii, huli, unahesabu siku. Nikasema moyoni, sitamtia tena mtoto wa dada yangu katika jambo hili. Mrisho ni mtu mwema. Lakini kila nikimwona anatoka jasho kwenda tu msikitini, namwona Hasani."

Hasira aliyokuja nayo Sikuzani ililegea. Hakujua kwamba mzee huyu alikuwa ameubeba msiba ule miaka mitano bila kuutaja.

"Mjomba, nimekusikia. Lakini aliyekaa eda ni mimi. Najua ilivyo kila siku yake. Kama kuna wa kuogopa isirudi, woga huo ni wangu. Naomba uniachie niuchukue mwenyewe."

"Unazungumza kama hujui utakachokipata."

"Hasani nilimpata miaka sita. Mtu angekuja leo akaniambia, 'Hii miaka sita ichukue tena, na mwisho wake ni uleule,' ningeichukua."

Makame alimtazama mpwa wake kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akarudi kwenye tasbihi.

"Tumbo litangulie kuisha," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu ya mwanzo. "Nitatazama."

*

Basi Mrisho akaanza kutembea. Siku za kwanza alikwenda mpaka Makole na kurudi, akipumua kama mvukuto, amebeba kilo chache za uwele kwa fahari ya bure. Wiki ya pili alivuka Makole. Mwezi wa pili akawa anakwenda Hombolo, siku moja kwenda na siku moja kurudi, na mzigo anaoununua anaubeba mwenyewe robo ya njia kabla ya kuwapa vijana wa kukodi. Adhuhuri alikula sahani yake moja. Wakati mwingine aliitazama sahani ya jirani kwa huzuni, na Sikuzani akageuka ili asimwone anacheka.

Siku za Hombolo zilikuwa ndefu kwa Sikuzani. Alipika, aliuza, alipokea wasafiri wa garimoshi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye njia ya mashariki. Mrisho alipotokea jioni ya siku ya pili, vumbi mpaka kwenye nyusi, alikuwa akipita kwanza bandani, hata kabla ya kufungua duka.

"Nimefika," alikuwa akisema.

"Nimeona," alikuwa akijibu, na hayo yalitosha mpaka kesho.

Ramadhani ikaja, ikaenda. Khamisi mwenye chupa akapanda garimoshi la Tabora na siki yake iliyobaki. Anyesi aliyekuwepo stesheni alikula kiapo kwamba mtu yule alipofungua mshipi ili aketi vizuri kwenye behewa, tumbo lilimshukia mapajani. Karani wa stesheni, aliyemaliza siku zote arobaini na kusifiwa mji mzima, alikula sikukuu ya Idi na majirani zake Waislamu, akala na ya kwake ya kanisani wiki iliyofuata, na kabla mwezi haujaisha koti likawa halifungiki tena. Tumbo la Mrisho lilikwenda kwa mwendo mwingine. Hakuna aliyeweza kusema lilipungua siku gani. Kanzu zilimlegea taratibu, pumzi ikarudi, mashavu yakajaa tena damu. Tumbo lenyewe lilibaki dogo, mviringo, kama limegoma kuhama kabisa.

Ndipo siku moja mjomba Makame alipokwenda dukani kwa Mrisho na kumwambia, bila utangulizi, kwamba kuna ngozi Hombolo anataka kuzitazama mwenyewe, na angependa mwenzi wa njiani.

Sikuzani alizisikia habari hizo kwa Anyesi, wanaume hao wawili wakiwa wameshaondoka. Jioni ya siku ya pili aliitazama njia mpaka macho yakamuuma, na hawakutokea. Asubuhi ya siku ya tatu akaunguza wali. Adhuhuri akawapakulia wasafiri mchuzi usio na chumvi, wakamrudishia. Alasiri ndipo alipomwona mjomba wake akija peke yake, anachechemea, viatu mkononi.

"Yuko wapi?" Sikuzani alisahau hata shikamoo.

"Nani? Ah. Anashusha ngozi zangu nyumbani. Nipe maji, mwanangu, ya kunywa na ya miguu."

Alimletea yote mawili. Makame alizamisha nyayo zake kwenye beseni, akakunja uso. Zilikuwa na malengelenge kila mahali.

"Siku ya kwanza nilitaka nimwone akishindwa," alisema. "Nikaenda mbio. Ulipofika mchana aliyeshindwa ni mimi. Akanichukulia mzigo. Jana sikuweza kusimama, akakaa na mimi kutwa nzima Hombolo, hakunicheka. Leo tumeanza kabla ya alfajiri, akanishika mkono kwenye kila korongo." Alikunywa maji. "Tumbo bado analo."

"Bado analo, mjomba."

"Nimelitazama vizuri. Nadhani lile ni lake mpaka kufa." Mzee aliinamisha kichwa. "Lakini njia nzima nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Kupanda, kushuka. Hata usiku niliamka nikasikiliza. Zilikuwa zinakwenda sawasawa. Hasani sikupata kumsikia akipumua hivyo hata siku moja." Akasema kwa shida, kama mtu anayetua kitu kizito, "Hayo ndiyo ninayoyajua. Yaliyobaki anayajua Mungu. Mwambie Mwalimu Halfani aje Ijumaa baada ya sala."

Sikuzani alipiga magoti, akamfuta mjomba wake miguu kwa kanga yake mwenyewe, na machozi yake yakaingia kwenye beseni bila mtu kuyataja.

Mrisho alikuja jua likiwa limeinama, vumbi mpaka kwenye nyusi. Makame alikuwa ameshakwenda. Mrisho alisimama nje ya banda, kofia mkononi, akijaribu kusoma uso wa Sikuzani.

"Nimefika," alisema.

"Ijumaa," alisema Sikuzani.

"Ijumaa nini?"

"Mwalimu Halfani. Baada ya sala. Mjomba amekubali."

Mrisho alitua kofia chini. Aliketi pale pale kizingitini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Sikuzani hakujua kama analia au anacheka. Akaja akaketi kando yake, karibu kuliko walivyowahi kuketi, mbele ya macho ya watu wote.

"Nilitaka nije kwako sina hili," Mrisho alisema baadaye, akijishika tumbo. "Nimejaribu kila njia, Sikuzani. Limebaki."

"Njoo nalo."

"Hivihivi?"

"Hivyohivyo. Nyumba yangu ina nafasi."

Mrisho alicheka, kicheko kile kizito cha zamani kilichokuwa kikisikika kambi nzima, na abiria waliokuwa wakingoja garimoshi la jioni wakageuka kuwatazama. Sikuzani hakujitanda kanga usoni. Aliwaacha watazame.